Kutoka Bunduki hadi Kamera: Historia ya Kuwatazama Ndege na Wadudu katika Nchi ya Katavi

Utangulizi

Tuzungumzapo juu ya utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye ngoma, nyimbo, mavazi, vinyago na hadithi za wazee. Hayo yote ni utamaduni, wala hapana anayebisha. Lakini utamaduni wa watu hauishii katika yale wanayoyacheza na kuyaimba. Umo pia katika namna wanavyovitazama viumbe vinavyowazunguka, katika majina wanayovipa, na katika njia wanazozitumia kuuhifadhi ujuzi huo ili watoto wao waurithi.

Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia ya jambo ambalo kwa kulitazama juujuu laonekana dogo, nalo ni kuwatazama ndege na wadudu, na hatimaye kuwapiga picha, katika nchi ya Mpanda na Katavi. Siku hizi wako vijana wanaolifanya jambo hilo kwa kujifurahisha, uani kwao, kwa kamera au kwa simu. Wako pia watu wazima wanaowacheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya watalii. Sisi tunashikilia kwamba kazi hii si ngeni. Kilicho kigeni ni chombo tu. Tena tunashikilia kwamba chombo hicho kikitumiwa vizuri chaweza kutengeneza kosa la zamani, kosa la ujuzi wa nchi hii kuondoka pamoja na wageni walioukusanya, au kuzikwa pamoja na wazee walioushika.

Wazee wa asali na ndege wao

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Sehemu kubwa ya nchi yake ni misitu ya miombo, yenye mininga na miti mingine ya jamii hiyo. Wenyeji wake tangu zamani ni Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wagongwe, Watongwe na wengineo, ambao pamoja na kilimo na uwindaji walikuwa warina asali hodari. Mizinga ya magome na ya magogo iliyotundikwa mitini ilikuwa mali ya mtu kama vile ng'ombe walivyo mali ya mfugaji.

Mrina asali alikuwa mtazamaji wa ndege na wadudu kwa lazima. Alijua ni mti gani unaotoa maua mwezi gani, alimfuata nyuki kwa macho tangu majini hadi kwenye tundu lake, na alimtambua nyuki mdogo asiyeuma na nyuki mkubwa mkali. Zaidi ya yote alimjua mlembe. Huyu ni ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia asiyevutia macho, lakini akimwona mtu porini humjia karibu, hulia kwa kelele za kufululiza, huruka mti hadi mti na kumngoja, mpaka amfikishe kwenye mzinga wa nyuki wa mwitu. Mtu huwafukiza nyuki kwa moshi na kutwaa asali. Ndege hupata nta na viluwiluwi. Makabila mengi ya Afrika Mashariki yalikuwa na miiko ya kumwachia mlembe sehemu yake, na watoto waliambiwa kwamba anayemdhulumu ndege huyo atakuja kuongozwa kwa simba au kwa nyoka.

Wageni waliposikia habari hizo, wengi waliziona kuwa ngano. Mmisionari Mreno João dos Santos, aliyeishi Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika katika kitabu kilichochapwa mwaka 1609 juu ya ndege waliokuja kudonoa mishumaa ya nta kanisani, na ambao huwaongoza watu kwenye asali. Hata hivyo wataalamu waliendelea kuwa na shaka kwa muda mrefu. Ni mwaka 1989 tu ndipo mtaalamu wa Kenya, Hussein Isack, mwenyewe akiwa mtu wa Waborana, pamoja na mwenzake H.-U. Reyer, walipochapisha uchunguzi uliokata shauri. Walionyesha kwamba mrina asali Mborana asiyeongozwa na ndege alichukua wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja, na aliyeongozwa alichukua saa 3.2. Isitoshe, walithibitisha kwamba ndege hueleza kwa mwendo na kwa sauti yake upande ulipo mzinga na umbali wake, kama wazee walivyokuwa wakisema siku zote.

Kisa hicho kina funzo kubwa kwetu. Ujuzi ulikuwapo karne nyingi kabla ya kuandikwa. Ulikosa kuaminiwa kwa sababu ulihifadhiwa katika vinywa vya watu peke yake, na wale waliokuwa na kalamu hawakuwa na imani na vinywa hivyo. Aliyeuthibitisha ni mtu aliyetoka ndani ya jamii yenye ujuzi huo na aliyekwisha jifunza pia kupima na kuandika.

Wadudu walioamua hatima ya watu

Huenda mwanafunzi akauliza: mdudu ana historia gani? Katika nchi ya Katavi jibu ni rahisi, kwa maana wako wadudu walioamua mahali pa watu kuishi.

Wa kwanza ni ndorobo, ambaye pengine huitwa mbung'o. Tangu mwaka 1903 ilijulikana, kutokana na uchunguzi uliofanywa Uganda, kwamba mdudu huyu ndiye anayeeneza ugonjwa wa malale. Ugonjwa ulipoenea Tanganyika ya magharibi katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka katika vijiji vyao vilivyotawanyika porini na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Nia ilikuwa kuwaepusha na ndorobo, na wengi waliepushwa kweli. Lakini watu walitengana na mashamba yao ya kale, makaburi ya wazee wao na miti waliyotundika mizinga. Mapori yaliyoachwa yakawa ya wanyama na ndorobo, na mengine baadaye yakawa hifadhi. Anayeitembelea leo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471, asidhani kwamba nchi ile haikuwa na wenyewe. Jina lake lenyewe latokana na Katabi, mzimu ambao kwa masimulizi ya Wabende hukaa katika mkwaju karibu na ziwa, na watu wamekuwa wakipeleka sadaka hapo.

Wa pili ni nzige wekundu. Mabonde yanayofurika majira ya mvua na kukauka wakati wa kiangazi, kama yale ya Rukwa na mbuga za Katavi zenyewe, ni miongoni mwa mazalio machache ya nzige hao katika Afrika. Katika miaka ya 1930 hadi mwaka 1944 makundi yao yalitapakaa karibu nusu ya kusini ya bara hili na kuteketeza mazao. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kuwapiga vita, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia. Kazi kubwa ya shirika hilo haikuwa kunyunyiza dawa tu. Ilikuwa kutazama: kutembea katika nyasi mwaka baada ya mwaka, kuhesabu nzige, kuangalia rangi zao na mahali wanapotaga, ili kugundua mapema kabla panzi aishiye peke yake hajageuka kuwa nzige wa makundi. Kwamba mdudu yule yule huwa na hali mbili hizo ni jambo lililoelezwa na mtaalamu Boris Uvarov mwaka 1921. Njaa ya mamilioni ya watu ilitegemea macho ya wachache waliokuwa wakichungulia majani.

Basi, anayemcheka kijana kwa kuinama uani akimtazama panzi, na akumbuke kwamba nchi yetu imewahi kulipa mishahara kwa kazi hiyo hiyo.

Bunduki na kabati la makumbusho

Karne ya 19 ilileta watazamaji wa namna nyingine. Mwaka 1880 aliwasili Mjerumani Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama, aliyezaliwa Berlin mwaka 1854. Pamoja na Paul Reichard na Emil Kaiser alitumwa na chama cha Wajerumani kilichoshughulika na Afrika. Böhm alifanya kazi Kakoma, kusini ya Tabora, akasafiri katika nchi ya mto Ugalla, na mwaka 1883 akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Karema, mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo mwaka 1879. Kaiser alifariki karibu na Ziwa Rukwa mwaka 1882. Böhm mwenyewe alifariki Katanga mwezi Machi 1884, kabla ya kutimiza miaka 30.

Katika muda huo mfupi Böhm alikusanya ndege wengi. Siku zile kukusanya maana yake kuua kwa bunduki. Ngozi za ndege zilikaushwa, zikafungwa na kupelekwa Berlin, ambako wataalamu kama Anton Reichenow na Herman Schalow walizichunguza na kuzipa majina ya kisayansi. Ndiyo maana mpaka leo yuko keremkerem mmoja, teleka mmoja na shore mdogo wa miombo anayekamata nzi ambao katika vitabu vya dunia nzima huitwa kwa jina la Böhm. Hata punda milia wa sehemu zetu amepewa jina hilo. Barua zake zilichapwa kuwa kitabu mwaka 1888.

Hatusemi haya kwa kumdharau Böhm. Alikuwa mtu wa bidii, na bila kazi yake tusingejua kwa hakika ni ndege gani waliokuwapo katika nchi hii miaka zaidi ya 140 iliyopita. Lakini mambo mawili hatuna budi kuyaona. Kwanza, ndege wale walikuwa tayari na majina. Mpagazi aliyeuchukua mzigo, mwindaji aliyeonyesha kiota na mtoto aliyemwokota ndege aliyeanguka walikuwa wakimwita kwa lugha yao kabla hajapewa jina la Kilatini. Majina ya watu hao hayakubandikwa kwa ndege hata mmoja. Pili, ushahidi wenyewe uliondoka. Mwanafunzi wa Mpanda akitaka kuona ngozi ya ndege aliyeuawa Ugalla katika miaka ya 1880, hana budi kusafiri hadi Ulaya.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utazamaji ulianza kubadilika. Huko Amani, katika milima ya Usambara, Reginald Moreau aliyefika mwaka 1928 alitilia mkazo maisha ya ndege badala ya ngozi zao. Aliwatumia watazamaji Waafrika walioketi mbele ya viota kwa saa nyingi wakihesabu ni mara ngapi ndege huleta chakula kwa makinda yao. Hapo twaona kazi ya macho ya wenyeji ikiingia katika maandishi ya sayansi, ingawa kwa unyenyekevu.

Kamera yaingia porini, kisha mjini

Kamera ilifika pwani yetu mapema. Zanzibar ilikuwa na wapiga picha wenye maduka tangu karne ya 19, lakini picha zao zilikuwa za watu na majengo. Kumpiga picha mnyama au ndege lilikuwa jambo gumu, kwa sababu sahani za kioo za siku zile zilihitaji mwanga mwingi na kitu kisichotikisika. Aliyepata sifa ya kwanza katika nchi yetu kwa kazi hiyo ni Mjerumani Carl Georg Schillings. Karibu na Kilimanjaro, mwanzoni mwa karne ya 20, alitega kamera zake usiku na kuwasha unga wa magnesi uliotoa mwanga wa ghafla. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliunganisha mambo mawili hata katika jina: mwanga wa kamera na bunduki. Alikuwa bado mtu wa vyote viwili. Waliomfuata walianza kuiweka bunduki chini, mpaka filamu ya Bernhard na Michael Grzimek juu ya Serengeti, iliyotoka mwaka 1959, ikawafanya watu wa mbali waipende nchi ambayo hawajapata kuiona.

Hata hivyo picha zote hizo zilikuwa na sifa moja. Zilipigwa na wageni, ziliwaonyesha wanyama wakubwa, nazo zilitazamwa mbali. Shore wa uani na nyigu wa ukutani hawakuwamo.

Mpanda yenyewe ilibadilika haraka baada ya Vita Kuu ya Pili. Machimbo ya risasi ya Uruwira yalivuta watu kutoka kila upande, na mwaka 1950 reli ya kutoka Kaliua ilifika mjini. Machimbo yalifungwa mwaka 1960, lakini mji ulibaki, na reli ikaendelea kuleta abiria na bidhaa. Kama ilivyokuwa katika miji mingine midogo ya Tanzania, kamera ilikuwa chombo cha studio: watu walikwenda kupiga picha za ndoa, za cheti au za kumbukumbu, wamevaa vizuri na kusimama wima. Filamu moja ilikuwa na picha 12 au 36, nayo ilikuwa ghali. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, kuipata filamu yenyewe ilikuwa kazi. Nani angethubutu kuipoteza picha moja kwa ajili ya kereng'ende?

Mambo yaligeuka pale kamera zisizotumia filamu, na baadaye simu zenye kamera, zilipoenea katika miaka ya 2000 na kuendelea. Picha ya mia moja haina gharama zaidi ya picha ya kwanza. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, mtoto wa mkulima aweza kuweka kumbukumbu ya ndege aliyemwona nyumbani kwao, asimuue, wala asiipeleke kumbukumbu hiyo Berlin.

Uani: shule iliyo karibu

Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na zaidi ya 400 kati yao wamepata kuonekana katika Hifadhi ya Katavi. Lakini si lazima kwenda hifadhini. Ua wa kawaida wenye mwembe, mgomba, mahindi machache na beseni la maji ni mahali pa kutosha pa kuanzia. Hapo yuko shomoro chini ya bati, shorewanda mwenye kichwa cheusi kwenye mpapai, kitwitwi atembeaye huku akitikisa mkia, chozi anayenyonya maua kwa mdomo uliopinda, na njiwa wanaookota nafaka. Mnana dume aweza kuonekana akisuka kiota chake unyasi kwa unyasi, na jike akija kukikagua. Anayempiga picha kila siku kwa wiki mbili atakuwa na historia kamili ya ujenzi wa nyumba moja.

Wadudu ni rahisi zaidi kwa mwenye simu, kwa kuwa humruhusu mtu kukaribia. Asubuhi kungali na baridi kereng'ende na vipepeo hawajachangamka na hutulia juu ya majani. Vunjajungu husimama bila kutikisika akingoja windo. Nyigu wa udongo huonekana akibeba tope na kujenga vyumba vyake ukutani, kisha huvijaza viwavi au buibui aliowapooza kwa mwiba wake ili wawe chakula cha watoto wake. Mvua za kwanza zinyeshapo, kumbikumbi hutoka kwa maelfu, na mtazamaji hodari hatawapiga picha kumbikumbi peke yao. Atatazama ni ndege gani wanaokuja kuwala, maana siku hiyo hata ndege asiyekula wadudu siku nyingine huja karamuni. Katika msimu huo huo hufika mbayuwayu kutoka Ulaya, ambao huondoka tena kabla ya kiangazi kuanza.

Kazi hii ina adabu zake, na mwalimu hana budi kuzifundisha kwanza. Kiota chenye mayai au makinda kisisogelewe, kwa sababu mama aweza kukihama, na njia iliyokanyagwa na mtu humwonyesha nyoka na kunguru mahali pa kwenda. Matawi yanayokificha kiota yasikatwe kwa ajili ya kupata picha safi. Mdudu asifungwe uzi wala kuchomekwa kwenye mti ili akae vizuri. Picha inayopatikana kwa kumtesa kiumbe haina tofauti kubwa na risasi. Subira ndiyo chombo cha kwanza, na hiyo mababu zetu walikuwa nayo bila kamera.

Jina, mahali na tarehe

Sasa tumefika kwenye jambo tunalolitilia mkazo kuliko yote. Picha peke yake ni bubu. Picha ya ndege isiyo na jina, mahali wala tarehe haina faida kubwa baada ya miaka 20, hata ikiwa nzuri namna gani. Ngozi za Böhm zina thamani hadi leo kwa sababu kila moja iliandikwa ilikopatikana na siku yake. Kwa hiyo kila picha na ifuatane na maandishi manne: jina la kijiji au mtaa, tarehe, kile ambacho kiumbe alikuwa akifanya, na jina lake kwa lugha ya nyumbani.

Kwa nini lugha ya nyumbani? Kwa sababu hapo ndipo hasara yetu ilipo kubwa. Majina ya ndege na wadudu kwa Kibende, Kipimbwe, Kikonongo na Kitongwe yamo zaidi vinywani mwa wazee, na kila mwaka wazee wanapungua. Jina la ndege si lebo tu. Mara nyingi laeleza sauti yake, chakula chake au msimu anaokuja. Linapopotea, hupotea pamoja na uchunguzi wa vizazi. Kwamba kazi ya kuyakusanya yawezekana imekwisha onyeshwa: mwaka 1981 watafiti wa Kijapani waliokuwa wakichunguza sokwe katika milima ya Mahale walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Kama wageni waliokuja kwa ajili ya sokwe waliona umuhimu wa kuyaandika majina ya miti yetu, sisi wenyewe tutajitetea vipi tukishindwa kuyaandika majina ya ndege? Mwanafunzi akimwonyesha bibi yake picha na kumwuliza jina, picha hiyo inakuwa ufunguo wa mazungumzo. Ndege porini huruka kabla mzee mwenye macho hafifu hajamwona, lakini aliye katika picha hutulia mpaka jina lake likumbukwe.

Faida nyingine ni ya uchumi na mazingira. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar. Watu walimzoea, wakamwona wa kawaida, na alipoenea miji ya pwani na kuharibu viota vya ndege wa asili, kumwondoa kukawa kazi ngumu mno. Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba viwavijeshi vamizi kutoka Amerika wamefika Tanzania, na wakulima wa mahindi waliingiwa na hofu. Kiwavi huyu hutambulikana kwa alama iliyo kama herufi Y iliyopinduliwa usoni mwake, na kwa vidoa vinne vilivyopangwa kimraba karibu na mwisho wa mwili. Alama hizo picha ya karibu ya simu yaonyesha vizuri. Kijana aliyezoea kuwapiga picha viwavi wa uani ndiye wa kwanza kumtambua asiye wa kawaida. Hali kadhalika, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mto Katuma, ambao ndio uhai wa mbuga za Katavi, umekuwa ukikauka vibaya wakati wa kiangazi, maji yake yakichepushwa kwa kilimo huko juu. Badiliko kama hilo huonekana pia katika viumbe wadogo: kereng'ende huanza maisha yake majini, na mahali asipoonekana tena ambapo zamani alikuwapo, pana jambo la kuuliza. Lakini nani atajua kwamba alikuwapo, kama hapana aliyeweka kumbukumbu?

Hata sayansi ya ulimwengu bado yafaidika na kamera iliyowekwa mahali padogo. Mlembe tuliyemtaja hutaga yai lake katika kiota cha ndege mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kamera zilizowekwa ndani ya viota vya keremkerem nchini Zambia zilionyesha kinda la mlembe, likiwa bado kipofu, likiwauma na kuwaua makinda ya mwenyeji wake kwa ncha kali ya mdomo. Rafiki wa mrina asali kumbe ni adui wa keremkerem. Viumbe havikuumbwa ili kutupendeza, na kuwatazama kwa makini hutufundisha kusema kweli hata pale kweli inapotushangaza.

Je, ni anasa?

Wako watakaosema kwamba katika mkoa wenye mahitaji mengi, kuwapiga picha vipepeo ni anasa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwanafunzi asiye na daftari hawezi kuambiwa anunue kamera, wala hatusemi hivyo. Simu moja ya mwalimu na daftari moja la shule vyatosha kwa darasa zima, na penye upungufu wa simu, penseli na karatasi ya kuchora hufanya kazi. Kilicho muhimu ni kutazama na kuandika. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoeleza juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isimtenge mtoto na maisha ya watu wake. Daftari la ndege wa kijiji, lililojaa majina yaliyotoka kwa wazee na tarehe zilizoandikwa na watoto, latimiza shabaha hiyo kuliko picha za ndege wa Ulaya katika vitabu vilivyochakaa.

Tena, hapana aibu katika kufanya jambo kwa kulipenda. Mrina asali alitafuta asali, lakini alipomwiga mlembe sauti yake mbele ya wajukuu jioni, hakuwa akitafuta asali. Alikuwa akifurahia alichokijua.

Hitimisho

Tumeona jinsi ndege na wadudu wa nchi ya Katavi walivyohifadhiwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa ya kinywa, yenye ujuzi mwingi, lakini iliyokufa na mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya bunduki na ngozi, yenye uhakika, lakini iliyoua na kuhamisha. Ya tatu ni ya picha, isiyoua wala kuhamisha, lakini iliyo tupu ikikosa maneno. Njia ya kwanza na ya tatu zikiunganishwa, jina la mzee pamoja na picha ya kijana, tutakuwa na hazina ambayo Böhm hakuweza kuwa nayo.

Basi tunawashauri walimu wa Mpanda, Mlele, Tanganyika, Mpimbwe na Nsimbo, na wa mikoa mingine pia, waanzishe shuleni madaftari ya namna hiyo, wayahifadhi katika maktaba zao, na kuwapa wanafunzi wa kila mwaka kazi ya kuendeleza pale wenzao walipoishia. Kazi hiyo haidai fedha nyingi. Inadai haraka, kwa maana ndege aliyepo uani leo aweza kuwapo pia mwakani, lakini mzee anayelijua jina lake huenda asiwepo.